Gari Halili Gesi: Maneno kwa Madereva na Mafundi wa Tabora Kuhusu AC Iliyokataa Kupoza

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mliokaa kule chini ya mwembe, shikamooni. Madereva wa Urambo, Sikonge na Nzega, na ninyi mliofika alfajiri mkitokea Kigoma, poleni na safari. Vijana wa gereji, mwangaluka.

Nimeombwa niseme kuhusu AC za magari, na nimefurahi kuombwa mwezi huu wa kumi, maana hakuna haja ya kumweleza mtu yeyote hapa joto ni nini. Kila mwaka mambo ni yale yale. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi za Tabora zina baridi, watu wanaendesha wamevaa masweta, AC haiguswi. Wengine hata baridi ikiisha hawaigusi, wanabana mafuta. Halafu mwezi wa tisa unaingia, miombo imepukutisha majani, jua linapiga kwenye boneti, mtu anabonyeza kitufe chake na kinachotoka ni upepo wa moto. Anakuja gereji. Neno lake la kwanza, mara nyingine kabla ya salamu, ni hili: "Fundi, niongezee gesi."

Nataka kuzungumza juu ya neno hilo. Nimelisikia maelfu ya mara, na kwa miaka mingi nililitii bila kuuliza.

Nilikuwa na mteja, mwalimu mstaafu, mwenye Corolla nyeupe. Alikuja mwezi wa tisa nikamjazia gesi, akaondoka amefurahi. Mwezi wa kumi na moja akarudi, nikamjazia. Januari akarudi tena, shati limelowa jasho mgongoni, na mimi nikawa tayari nimeshika mpira wa mtungi nataka kuufunga. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, hebu nieleweshe. Gari linakula gesi kama linavyokula petroli?"

Nikamjibu, "Hapana, mwalimu."

"Basi ile uliyonijazia mara mbili imekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepokea hela ya pensheni ya mzee yule mara mbili, na swali alilouliza yeye nilipaswa kuliuliza mimi siku ya kwanza. Nikaweka mtungi chini. Nikachukua maji ya sabuni kwenye kopo, nikaanza kupaka kila maungio, bomba kwa bomba. Nilitafuta karibu saa nzima. Nikaipata mahali nilipokuwa nikipashika mwenyewe kila mara: kwenye vavu ya kujazia. Kifuniko chake cha plastiki hakikuwepo, vumbi lilikuwa limeingia, na ile sindano ya ndani haikuwa inakaa sawasawa. Povu lilitoka dogo, kama jicho la dagaa, likavimba polepole, likapasuka, likaja jingine. Mwezi na nusu wa povu kama lile unatosha kumaliza gesi yote ya gari dogo.

Sindano ile ni kitu cha bei ndogo sana. Nilibadilisha, nikafunga kifuniko, nikajaza gesi bila kumtoza. Zile fedha za mwanzo nilimrudishia kwa awamu. Tangu siku hiyo, kijana akija kujifunza kwangu, namwambia kwanza swali la mwalimu.

Sasa nieleze jibu lake, maana dereva akilielewa hatadanganywa, na fundi akilielewa hatadanganya hata kwa bahati mbaya. Mnaujua mtungi wa udongo wa bibi. Maji yanapenya kidogo hadi nje ya udongo, yanageuka mvuke, na yanapogeuka mvuke yanaondoka na joto. Ndiyo maana maji ya ndani yanakuwa baridi hata kama mtungi uko kwenye nyumba yenye joto. Spiriti ambayo nesi anakupaka kabla ya sindano, ukasikia ngozi inapoa, ni jambo hilohilo. AC inafanya kazi ya mtungi wa bibi, ila kinachogeuka mvuke hakiachwi kiende zake. Gesi iliyomo kwenye magari mengi tunayoyatengeneza hapa inaitwa R134a. Ukiiacha wazi inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kompresa inaikandamiza mpaka inakuwa moto, inaipeleka kwenye kondensa, ile iliyosimama mbele ya rejeta, ambako upepo unaipoza na inageuka kimiminika. Inapita kwenye draya inayonasa unyevu na uchafu, inafika kwenye tundu jembamba la vavu, na ikitoka hapo inachemka ndani ya evapareta nyuma ya dashibodi, inachukua joto la humo ndani. Kisha inarudi kwenye kompresa. Ni duara. Gesi ile ile inazunguka leo, kesho na mwakani. Kwa hiyo ikipungua kwa kiasi cha kuonekana, imetoka, na ilipotokea papo. Gari la miaka mingi linaweza kupoteza kidogo kidogo kupitia mipira, hilo ni la kawaida. Lakini gari lililojazwa mwezi wa tisa na kumaliza mwezi wa kumi na moja lina tundu.

Na mara nyingi gesi imejaa tele, kilichoharibika ni kingine kabisa.

Dereva, kabla hujaja gereji, nifanyie jambo moja. Washa gari lipumzike bila kukanyaga mafuta, feni ya ndani iweke kwenye nguvu ya mwisho, kisha simama mbele ya boneti iliyo wazi na mwambie mtu abonyeze kitufe cha AC. Usiguse kitu, mikono na nguo ziwe mbali na mkanda. Tazama uso wa kompresa. Puli ya nje inazunguka wakati wote kwa sababu mkanda unaizungusha, lakini ile sahani ya mbele yake imetulia. Kitufe kikibonyezwa, sumaku inaivuta sahani ikabane kwenye puli, unasikia "ka!", na sahani inaanza kuzunguka pamoja na puli. Hiyo ndiyo klachi. Ukinifikia ukaniambia, "Fundi, klachi inakamata ila upepo haupoi," umeniondolea nusu ya kazi. Ukiniambia haikamati kabisa, umeniondolea nusu ile nyingine. (Baadhi ya magari mapya hayana klachi ya namna hii, kompresa inazunguka muda wote, hayo tunayapima kwa geji tu, kile kipimo cha presha ya gesi.)

Isipokamata, msikimbilie kompresa. Vijana, hapa nisikilizeni vizuri. Fyuzi kwanza. Kisha rilei, ile swichi ndogo ya umeme inayopeleka umeme kwenye klachi. Kwenye magari mengi rilei ya klachi ya AC inafanana na ya honi, zimekaa sanduku moja. Angalieni namba zilizoandikwa juu, zikilingana badilisheni nafasi. Honi ikikataa kulia na AC ikaanza kukamata, mmemaliza. Rilei ni hela ndogo na mteja anaondoka akiwashukuru.

Kama rilei ni nzima, kuna swichi ya presha. Gesi ikiwa imeisha, swichi hiyo inakataza kompresa isiwake, maana gesi ndiyo inayozungusha mafuta ya kulainisha, na kompresa bila mafuta inajisaga yenyewe. Swichi inailinda. Nimeona vijana wanaunganisha waya moja kwa moja, wanaipita swichi, kompresa inazunguka kavu, na wanamwonyesha mteja kwamba "inafanya kazi." Imefanya kazi dakika chache, na vumbi la chuma limeshatawanyika kwenye bomba zote mpaka kondensa. Mteja huyo atalipia mfumo mzima. Tafadhalini sana, msifanye hivyo.

Kuna ugonjwa mmoja wa klachi nataka niukalie, kwa sababu unawafilisi watu wa hapa na tiba yake haizidi nusu saa. Dereva mmoja wa Noah anayebeba abiria wa Urambo alikuja na malalamiko haya: asubuhi akitoka stendi AC inapoza vizuri, akifika katikati ya safari inakata. Akipumzika, gari likapoa, inarudi. Mahali alikotoka ameshaambiwa kompresa imekufa, atafute iliyotumika, laki tatu na nusu. Alikuwa anazikusanya.

Nikamwambia, "Kaka, zungusha gari kwanza, ulilete likiwa limechemka." Akalileta. Nikapima umeme kwenye waya wa klachi: unafika, volti zote zipo. Sahani haikamati. Nikachukua mpini wa nyundo, ule wa mti, gari likiwa limezimwa kwanza nikaisogeza sahani kidogo kuelekea kwenye puli nione inacheza kiasi gani. Ilikuwa inacheza mno. Nafasi kati ya sahani na puli kwa kawaida ni kama nusu milimita, nyembamba kuliko unene wa kadi ya benki. Yake ilikuwa imezidi milimita moja. Kila klachi inapokamata, uso wake unasagika kidogo, na kwa miaka nafasi inapanuka. Sasa angalia: koili ya sumaku ikipata joto, umeme unapita kwa shida zaidi, sumaku inapungua nguvu. Ikiwa baridi bado inaweza kuruka ile nafasi na kuikamata sahani. Ikishachemka, haifiki. Ndiyo maana asubuhi inapoza na mchana inakata.

Nikafungua nati moja ya katikati, nikatoa sahani. Nyuma yake kuna vipete vyembamba vya chuma vya kurekebishia nafasi. Nikatoa kimoja, nikarudisha sahani, nikapima kwa vibao vya kupimia nafasi ya vavu za injini: sifuri nukta nne. Tukawasha. "Ka!" Akazunguka nalo mpaka jioni, jua lote. Alirudi kunishika mkono. Laki tatu na nusu zake alilipia ada ya mtoto.

Nasema hivi si kwa sababu mwenzangu aliyemwambia kompresa ni mwovu. Hakuipima ikiwa moto, basi. Gari lenye ugonjwa wa mchana linapimwa mchana.

Klachi ikikamata na bado hakuna baridi, hapo tunaingia upande wa upepo na gesi. Kama AC inapoza ukiwa mwendoni na ikifika foleni ya stendi inapoteza nguvu, angalieni feni ya kondensa, na angalieni kondensa yenyewe. Barabara zetu mnazijua. Njia ya Kaliua kuelekea Malagarasi na Uvinza imebeba vumbi miaka na miaka, na hata palipowekwa lami bado kuna michepuko na barabara za vijijini. Vumbi jekundu likichanganyika na wadudu wa usiku linajaa kati ya mapezi ya kondensa mpaka upepo haupiti. Osheni kwa maji ya kawaida, kutokea nyuma kuja mbele, taratibu. Mashine ya kuoshea yenye nguvu inalaza mapezi, na pezi lililolala ni sawa na ukuta.

Upepo wa ndani ukiwa hafifu hata feni ikiwa mwisho, fungueni sanduku la dashibodi upande wa abiria, nyuma yake kuna chujio. Wapo wenye magari ambao hawajawahi kujua kama lipo. Nimetoa chujio lenye majani ya mwembe, manyoya na mabaki ya kiota cha panya. Evapareta ikikosa upepo inaganda barafu, na hapo mtu anasema "inapoza nusu saa halafu inaziba." Ni barafu hiyo. Zima AC, acha feni, baada ya dakika chache upepo unarudi.

Ndugu zangu wa Kigoma, ninyi mko karibu na ziwa, hewa yenu ina unyevu mwingi kuliko yetu. Maji yanayodondoka chini ya gari AC ikiwa inafanya kazi si ugonjwa, ni unyevu uliokamuliwa kwenye hewa. Ugonjwa ni yasipodondoka chini yakatokea kwenye miguu ya abiria. Hapo bomba la kutolea maji limeziba, lizibueni.

Sasa gesi yenyewe. Vijana, geji ina uongo wake. Gari limezimwa na limepoa, joto la hewa nyuzi 30, ukifunga geji utasoma presha ya karibu psi 97 pande zote mbili, ule wa bomba la kwenda na ule wa bomba la kurudi. Wengi wakiona hivyo wanasema gesi imejaa. Hapana. Maadamu ndani kuna kimiminika hata kidogo, presha itakuwa hiyohiyo, iwe gramu 150 au 450, kama vile mtungi wa gesi ya kupikia unavyowaka vizuri mpaka siku ya mwisho. Presha ya gari lililozimwa inakwambia gesi ipo, haikwambii ni kiasi gani. Kinachokwambia kiasi ni mzani. Chini ya boneti kuna kibandiko kinachoandika gramu, magari mengi madogo ni kati ya 350 na 550. Pimeni kwa gramu. Gesi ikizidi nayo haipozi: inajaa kondensa, presha inapanda, kompresa inalemewa.

Kabla ya kujaza, tafuteni tundu. Vumbi letu linasaidia hapa. Gesi inapovuja inatoka na mafuta ya kompresa, na pale kwenye mafuta vumbi linanata. Kwa hiyo kabla ya sabuni, kabla ya taa, tumieni macho: palipo na doa jeusi lenye unyevunyevu kwenye maungio, au mbele ya kompresa kwenye shafti, anzieni hapo. Msiifute kwa tambara kabla hamjaangalia.

Na hapo kwenye shafti ndipo jibu la magari ya mwezi wa tisa lilipo. Mpira unaozuia gesi isitoke kwenye shafti unalainishwa na mafuta yanayozunguka. AC ikikaa miezi mitatu bila kuwashwa, mpira unakauka, gesi inapenya. Aliyebana mafuta tangu mwezi wa sita analipa mwezi wa tisa. Washeni AC dakika kumi kila wiki, hata kwenye kipupwe. Na masika yakija, kioo cha mbele kikaingia ukungu, iwasheni mkiwa mmeweka hewa ya joto: inakausha hewa na kioo kinafunguka. Usiku, mvua, barabara ya Sikonge, hilo linaokoa maisha.

Mfumo ukishafunguliwa, mashine ya kuvuta hewa ifungwe angalau nusu saa. Hewa ikitolewa, maji yaliyojificha ndani yanachemka kwa joto la kawaida la mchana na kutoka kama mvuke. Yakibaki, yanaganda kwenye tundu la vavu, na yakichanganyika na mafuta yanatengeneza asidi inayokula chuma kutokea ndani. Kisha fungeni koki, ngojeni, tazameni mshale wa geji. Ukirudi nyuma, bado kuna tundu. Hapo hakuna kujaza gesi, hata mteja akikuharakisha.

Jambo la mwisho, na nalisema kwa uzito. Kuna watu wanajaza gesi ya kupikia kwenye AC kwa sababu ni rahisi na kweli inapoza. Inapoza mpaka siku evapareta itakapotoboka ndani ya gari lililojaa abiria, na mmoja awashe kiberiti. Msikubali. Na kuna mitungi ya buluu yenye maandishi ya R134a ambayo ndani ina kitu kingine. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya meli yalilipuka na kuua watu kwa sababu yalijazwa gesi bandia, methili kloridi, ambayo ikikutana na aluminiamu inatengeneza kitu kinachowaka kikigusa hewa tu. Kondensa zetu ni aluminiamu. Nunueni kwa mtu mtakayeweza kumrudia.

R134a halisi nayo msiiachie hewani ovyo. Kilo moja yake inalipasha joto anga zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya hewa ya ukaa. Nchi zilikutana Kigali, hapo jirani tu, mwaka 2016, zikakubaliana kupunguza gesi za aina hii, kama zilivyokubaliana Montreal mwaka 1987 kuhusu zile zinazotoboa tabaka la ozoni, R12, gesi ya AC za magari ya zamani, ikiwemo. Kwa hiyo kila anayejaza gari lenye tundu anavujisha mara mbili: mfuko wa mteja, na hewa ya wajukuu wetu ambao tayari wanasubiri mvua zisizojua mwezi wake.

Nimeongea kwa muda mrefu na jua limeshahama. Pale nyuma kuna Hiace ya kaka yetu wa Kigoma, tangu Uvinza inatoa upepo wa moto, na amenihakikishia kwamba hajajaza gesi mahali popote njiani. Injini bado ina joto, vizuri. Vijana, leteni testa na kopo la sabuni. Mtungi uacheni ndani. Dereva, washa gari, feni mwisho, na usibonyeze kitufe mpaka wote tuwe tumesimama tunakoona klachi.